Maji Yanayoingia Korogwe

Kompyuta ikipewa kipande cha mto ili ihesabu maji yatakavyopita, haianzi kwa kuuliza habari za mto. Inauliza habari za mstari: ule mstari wa kubuni unaoukata mto upande wa juu, mahali mchoro wako unapoanzia. Hapo maji yanaingia kwa wingi gani? Kwa kasi gani? Yametulia au yamekorogeka? Wahandisi huyaita majibu haya masharti ya mpaka, na ukishayaandika, hesabu huyaamini bila kinyongo. Hairudi nyuma kuchungulia kama juu ya mstari kuna msitu, bwawa au shamba la mkonge.

Nasoma shahada ya uzamili, na kipande ninachokihesabu ni cha Mto Pangani unapopita Korogwe, wilaya nilikozaliwa, nyumbani kwetu kukiwa Manundu. Wanafunzi wengi hujaza kisanduku cha mlango wa kuingilia kwa dakika mbili: kasi moja, sawasawa toka ukingo hadi ukingo, na msukosuko wa asilimia tano, kwa sababu ndiyo namba iliyokuwamo kwenye faili la aliyewatangulia. Baada ya hapo hutumia wiki nzima kupamba picha za rangi. Mimi naona historia ya elimu hii inadai mgawanyo mwingine wa muda.

Mwaka 1883 Osborne Reynolds, profesa wa uhandisi katika Owens College, Manchester, alichapisha majaribio yake maarufu. Alilaza mirija ya kioo ndani ya tangi la maji, akapitisha uzi mwembamba wa rangi katikati ya mrija. Maji yakienda polepole, uzi ulinyooka kama umechorwa kwa rula. Mwendo ukizidi kiwango fulani, uzi ulivurugika ghafla na rangi ikatapakaa mrija mzima. Vitabu vya kiada huishia hapo, pamoja na namba iliyokuja kupewa jina lake, inayopatikana kwa kulinganisha kasi na upana wa mrija na uzito wa maji katika kutiririka.

Kinachonivuta mimi ni mdomo wa mrija. Reynolds aliuwekea mdomo wa mbao uliopanuka kama wa tarumbeta, ukapakwa vanishi, ili maji yasijikwae yanapoingia. Kisha aliyaacha maji ya tangi yatulie kwa saa kadhaa kabla ya kufungua koki. Kwa uangalifu huo, uzi wake ulibaki mnyoofu mpaka namba ikakaribia 13,000. Katika jaribio jingine alitumia mabomba ya risasi, akayaacha maji yaingie yakiwa yameshavurugika, akatafuta ni wapi yangeweza kutulia yenyewe. Safari hii jibu likawa karibu 2,000. Kanuni za maji zilikuwa zile zile. Tofauti ilikuwa mlangoni.

Msweden mmoja, Walfrid Ekman, alikitumia kifaa kile kile cha Reynolds kwa uangalifu mkubwa zaidi, na mwaka 1910 akaeleza kwamba amevuka 40,000. Karibu karne moja baada ya Reynolds kifaa kilipofanyiwa kazi tena Manchester, hakikufika hata ile 13,000 ya mwanzo, kwani magari ya mjini yalikuwa yakikitikisa. Hebu fikiria: lori linalopita nje nalo ni sharti la mpaka, ila hakuna aliyeliandika.

Kompyuta zilipoingia kazini, swali la mlango liliongezeka uzito. Mwaka 1974 Brian Launder na Brian Spalding, wa Imperial College, London, walichapisha njia ya kuhesabu msukosuko ambayo hadi leo imo karibu katika kila programu ya fani hii. Inadai namba mbili zaidi pale maji yanapoingilia: nguvu ya msukosuko, na kasi ambayo nguvu hiyo inapotea. Anayepima mto kwa rula ya kina na kipima mwendo hapati namba hizo. Basi hukisiwa, na ndiyo asili ya ile asilimia tano.

Mtoni, kosa la msukosuko lina msamaha. Mawe, mizizi na kona hukoroga maji upya, na baada ya mwendo kidogo mto umeshasahau ulichouandikia. (Anayezungumza Kiswahili husikia neno koroga ndani ya Korogwe. Sisemi jina limetoka huko.) Wingi wa maji ndio hausahauliki. Kila mita ya ujazo uliyoiingiza juu lazima ipite mjini, chini ya daraja, au juu yake.

Sasa wingi huo umeamuliwa na nani? Pangani huanza kwa maji ya Kilimanjaro na Meru. Zamani mafuriko ya huko yalishuka na kutanda kwenye kinamasi cha Kirua kabla ya kufika kwetu. Katikati ya miaka ya 1960 likajengwa bwawa la Nyumba ya Mungu, na mto ukapata bawabu. Mwaka 1964 mtambo wa umeme wa Hale, megawati 21, ulikuwa umeshaanza kazi chini ya Korogwe. Kabla yake kulikuwa na ule wa Maporomoko ya Pangani wa 1934, na miaka ya 1990 ukaja mwingine wa megawati 68. Mitambo inataka maji mwaka mzima, hivyo lango la juu hufunguliwa na kufungwa likitazama pia taa za watu wa mbali. Mafuriko ya Kirua yakapungua, kinamasi kikasinyaa. Korogwe iko katikati, kati ya lango na mitambo. Sehemu kubwa ya maji yanayotupitia kiangazi ni maji yaliyoagizwa.

Kwa hiyo vipimo vya mto vya kabla ya bwawa na vya baada yake ni vya mito miwili yenye jina moja. Kuvichanganya na kutafuta wastani ni kuandika mto ambao haujawahi kuwapo. Lakini hata kuchukua vya baada ya bwawa peke yake, vyenye utulivu wake wa lango, kuna hatari. Mto Mkomazi, unaokusanya maji ya Pare Kusini na Usambara, na Mto Luengera, unaoshuka kati ya Usambara Magharibi na Mashariki, huingia Pangani bila tone lao kupita Nyumba ya Mungu. Oktoba 2019 mvua kubwa zilikata barabara ya Korogwe kwenda Handeni, na bawabu wa kule juu hana ufunguo wa mvua ya Usambara. Modeli inayoingiza maji ya lango tu itauchora mji usiofurika kamwe. Picha itapendeza, na mtu anaweza kuamua urefu wa daraja kwa kuitazama.

Mstari wangu wa juu nimeuchora kabla ya Luengera kuingia. Luengera nimeupa mlango wake wenyewe, na namba zake zinafuata mvua.