Moto Mkali na Kipimo cha Jirani

Mto Kagera unapoporomoka Rusumo, wilayani Ngara, umekwisha kuwa mto wa watu wengi. Ruvubu imeleta maji ya Burundi, Nyabarongo imeleta ya Rwanda, na juu kidogo ya maporomoko mito hiyo inakutana ikawa mmoja. Ukikaribia daraja unasikia ngurumo kabla hujaona maji. Nimechagua kuanzia hapa habari ya watu waliojitahidi kushika joto linalozidi la kiini cha jua. Maabara zao ziko Moscow, Garching na kusini mwa Ufaransa, lakini lililowafikisha walipofika mtu wa Ngara na Biharamulo atalitambua upesi: walimwachia jirani aje na kipimo chake.

Eneo hili lilijua moto mkali zamani sana. Biharamulo na Geita walikuwako Warongo, wayeyushaji wa chuma ambao hawakuwa kabila. Walikuwa kundi la kazi lililokusanya watu wa asili mbalimbali kuzunguka tanuri moja. Kaskazini yao, Buhaya, chuma kiliyeyushwa miaka mingi mno kabla mzungu hajaliona Ziwa Victoria. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya mbele ya watafiti wawili Wamarekani, Peter Schmidt na Donald Avery. Walilijaza shimo majani ya kinamasi yaliyochomwa yakawa mkaa, wakaingiza mirija ya udongo hadi ndani ya moto, kisha mivukuto ikaanza kazi. Wageni wakachomeka vipimajoto. Vilisoma zaidi ya nyuzi 1,800 za Selsiasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science. Schmidt na Avery walisema siri ni mirija ile: hewa ilipashwa moto ndani yake kabla ya kufika kwenye makaa. Wapo wanazuoni waliobisha maelezo hayo, na ubishi ni haki yao. Kwangu lililo kubwa ni kwamba ujuzi wa wazee na chombo cha wageni vilikutana kwenye shimo moja, na hakuna aliyelazimika kumwamini mwenzake kwa maneno matupu.

Sasa ongeza joto lile mara maelfu. Ili viini vya hidrojeni viungane na kutoa nishati kama vinavyofanya ndani ya jua, hapa duniani vinahitaji joto la zaidi ya nyuzi milioni 100. Gesi ikifika huko inaitwa plazma, na hakuna udongo wala chuma kinachoweza kuibeba. Inaning'inizwa kwa nguvu ya sumaku ndani ya chombo chenye umbo la mviringo kama kitumbua chenye tundu katikati, kiitwacho tokamaki. Hata hivyo joto huvuja. Tanuri la udongo likipata ufa utauona na kuuziba. Plazma haina ufa wa kuonekana. Joto lake linabebwa nje na misukosuko midogo midogo, mfano wa vile vizingia vya maji chini ya maporomoko, kimoja kikizaa kingine. Kujua joto linasafirije kutoka katikati hadi ukingoni kumekula maisha ya vizazi vya wanafizikia, na mpaka leo kazi haijaisha.

Mwanzoni kila taifa liliificha. Kisha Agosti 1968, katika mkutano wa Novosibirsk, Msovieti Lev Artsimovich akatangaza kwamba tokamaki yao ya T-3 imefika nyuzi kama milioni kumi. Wamagharibi wengi hawakuamini. Artsimovich angeweza kununa. Badala yake aliwakaribisha Waingereza wa maabara ya Culham waje Moscow wapime wenyewe, na hiyo ilikuwa Vita Baridi, mizinga ya Kisovieti ikiwa imeingia Prague mwezi huohuo. Nicol Peacock, Derek Robinson na wenzao walisafirisha takriban tani tano za vifaa hadi Taasisi ya Kurchatov. Walipitisha mwale wa leza ndani ya plazma, wakaangalia mwanga uliotawanywa na elektroni. Kadiri elektroni zinavyokwenda mbio ndivyo rangi ya mwanga huo inavyotanuka, na mbio hizo ndizo joto. Novemba 1969 walichapisha: Wasovieti walisema kweli. Haikupita muda Princeton, Marekani, ikaigeuza mashine yake kubwa kuwa tokamaki.

Kabla ya hapo alikuwapo Abdus Salam wa Pakistan. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha fizikia Trieste, Italia, kwa ajili ya wasomi wa nchi maskini hasa, na mwaka uliofuata akawakalisha pamoja Wasovieti kama Roald Sagdeev na Wamarekani kama Marshall Rosenbluth wazungumzie plazma. Mwaka 1982, Garching, Ujerumani, Fritz Wagner aligundua hali ambayo plazma yenyewe hujijengea ukuta ukingoni na uvujaji ukapungua ghafla. Mwaka 2006 mkataba wa ITER, tokamaki ya nchi nyingi inayojengwa kusini mwa Ufaransa, ukatiwa sahihi Paris. Nchi zinazohusika ni zaidi ya 30, na ya Afrika hakuna hata moja. Hilo linaniuma.

Linaniuma zaidi kwa kuwa Rusumo imeonyesha tunaweza. Agosti 24, 1977, Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia sahihi papo hapo Rusumo mkataba wa kuliendeleza bonde la Kagera, Uganda ikajiunga mwaka 1981. Umeme wa maporomoko ulikuwa ndoto yao kubwa. Ikaja Aprili 1994, na mauaji ya kimbari nchini Rwanda. Kwa siku moja tu, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja lile wakikimbia Rwanda, na mto chini yao ulikuwa unabeba maiti. Ngara iliwapokea, na kambi ya Benaco ikawa mji. Shirika lile la bonde lilivunjwa mwaka 2004, lakini wazo halikufa. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 mwaka 2013, ujenzi ukaanza mwaka 2017, na mwaka 2023 umeme ukatoka. Mpango wa zamani wa bwawa kubwa uliachwa ili mashamba na makazi mengi yasizame. Maji yanapita na kuendelea na safari. Mtambo una megawati 80, mashine tatu, na Tanzania, Rwanda na Burundi kila moja ina haki ya theluthi moja, yaani megawati 26.7 hivi. Mita zinasoma, nchi zote tatu zinaona.

Kwa Tanzania njia ya umeme ya kilovolti 220 inatoka Rusumo, inavuka vilima vya Ngara na kuingia kituo cha kupoza umeme cha Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Wilaya hizi zilizoea miaka mingi mashine za dizeli. Lori la mafuta likichelewa, mji wote ulijua kwa ule ukimya wa usiku.

Ng'ambo ya daraja, barabara inakwenda Kigali. Huko, tangu mwaka 2018, kituo cha Salam cha Trieste kina tawi lake la Afrika Mashariki ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, na fizikia inafundishwa hadi shahada za juu. ITER nayo imepanga kuanza utafiti wake mwaka 2034. Mtoto aliyezaliwa Ngara mwaka 2017, mitambo ya ujenzi ilipoanza kuunguruma Rusumo, atakuwa na miaka 17, anasoma usiku kwa taa inayowashwa na mto wa nchi tatu, na Kigali ni mwendo wa saa chache kwa basi.