Mchagua Samaki

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Methali hiyo niliwafundisha wanafunzi wengi, na siku zote niliieleza kuwa ni onyo kwa wenye kubagua-bagua. Sasa, katika ustaafu wangu, naona ipo kazi moja ambayo asiyechagua ndiye mharibifu. Kazi hiyo niliiona mbali na kwetu, katika maji baridi ya California, nchini Marekani.

Nilikwenda huko mwaka 2013 kumtembelea mwanangu afanyaye kazi San Diego. Mimi ni mtu wa pwani ya Tanga, na bahari niijuayo ni ya uvuguvugu. Ile ya kwao hupozwa na mkondo utokao kaskazini, na majira ya baridi maji hushuka hadi nyuzi 14 hivi. Mzamiaji huvaa vazi zito la mpira toka utosini hadi nyayoni, hufunga kiunoni mkanda wenye vipande vya risasi ili azame, huvuta pumzi moja, kisha hushuka na bunduki ya mkuki katikati ya msitu wa mwani. Na mwani wenyewe si kama huu wetu wa kuanika. Husimama kama minazi, kutoka mwambani hadi juu ya maji.

Asubuhi moja alizamia, nami nikamsubiri ufuoni. Baada ya saa mbili alitoka akitetemeka, mikono mitupu. Nikamtania kwamba nyumbani wangemwita mvuvi wa maneno. Akanijibu, "Baba, nimekutana na samaki mkubwa kuniliko. Amenijia mwenyewe mpaka karibu, akanitazama. Huyo hachomwi."

Jioni ile alinieleza, na niliporudi nyumbani niliendelea kusoma habari zake. Samaki huyo kwa sura anafanana na chewa wetu, ingawa wataalamu wamemweka katika ukoo mwingine. Mmoja aliyenaswa kwa mshipi mwaka 1968 katika kisiwa cha Anacapa alikuwa na uzito wa kilo 255. Hukaa miaka 11 au zaidi kabla ya kuanza kuzaa, na kila kiangazi wakubwa hukusanyika mahali pale pale ili wazaliane. Tena hana woga. Akimwona mtu, aghalabu humsogelea.

Ndugu msomaji, sifa hizo ndizo zilizomponza. Mwaka 1933 vijana wa San Diego walianzisha chama cha wazamiaji kiitwacho Bottom Scratchers, kimojawapo cha vyama vya mwanzo vya aina hiyo. Jack Prodanovich, mmoja wa waasisi wake, alijitengenezea miwani na mikuki kwa mikono yake mwenyewe. Walikuwa watu hodari, na kuingia katika chama chao hakukuwa lelemama. Lakini katika miaka iliyofuata, kipimo cha uhodari wa wazamiaji wengi kilikuwa uzito wa samaki, na hakuna aliyekuwa mzito kumshinda huyu. Tusiwasingizie wenye mikuki: nyavu na mishipi zilivua wengi zaidi, na mavuno ya California yalikwisha fikia kilele mwaka 1932, kabla hata chama hicho hakijazaliwa. Ila mwenye mkuki alikuja kuwatafuta waliosalia, mmoja mmoja, pale pale walipokutanika kuzaa. Tangu mwaka 1982 sheria ya California imekataza kumvua, na mwaka 1994 nyavu za kutega zikaondolewa karibu na ufuo wa kusini. Polepole wameanza kuonekana tena.

Mwanangu alinitajia na mwingine, ambaye kwa lugha yao jina lake maana yake ni kichwa cha kondoo. Samaki hao wote huanza maisha wakiwa majike. Wakishakua, baadhi yao hugeuka madume, wenye kichwa cheusi, mkia mweusi na kiwiliwili chekundu. Basi mzamiaji achaguaye daima aliye mkubwa na mwenye kupendeza anaondoa madume, na pale wavuvi walipozidi, majike yameonekana yakigeuka yakiwa bado madogo. Zaidi ya hayo, samaki huyo hula wale viumbe wa miiba wanaotuchoma nyayo mwambani, na viumbe hao hula mwani. Ukimmaliza mlaji wao, msitu wenyewe huweza kuliwa ukaisha.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ile. Wavu hauoni, na ndoana haijui nani ataimeza. Mwenye mkuki humwona samaki wake uso kwa uso kabla ya kufyatua. Anaweza kuwa mvuvi asiye na hasara kuliko wote, au mbaya kuliko wote, kwa kuwa hana wa kumsingizia. Na yule asiyekimbia ndiye aliye rahisi kumpata.

Nilipolala usiku ule sikupata usingizi, maana nilikumbuka jambo langu. Mwaka 1989 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu, na wanachuo waligomea chakula. Niliwakusanya uwanjani nikauliza msemaji wao ni nani. Wengi walirudi nyuma. Mmoja, aliyewazidi wote umri, alisogea mbele hadi nilipo, akanitazama usoni. Nikamfukuza siku ile ile. Baada ya wiki chache mpishi alinieleza kwamba huyo ndiye aliyewazuia wenzake wasivunje stoo. Sikumrudisha. Niliogopa kuonekana nimetetereka. Mwaka uliofuata chuo kilikuwa na fujo kuliko awali, na wadogo hawakuwa na wa kumsikiliza.

Siku ya pili mwanangu alirudi na samaki mmoja wa kadiri, akatutosha kwa wali wa nazi. Wengine aliwaona akawaacha. Sikumwambia kwa nini nilikula kimya.

Niliporudi Tanzania nilimtafuta yule mwanachuo wangu. Nilimkuta anauza misumari na saruji; ualimu hakuurudia tena. Alinipa kiti, akaagiza chai, akaniita Mwalimu. Nikamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, siku ile nilidhani ukiniona karibu utanisikiliza."

Nimesoma kwamba samaki mmoja wa ukoo ule wa California alipopimwa alikutwa na umri wa miaka 76, ndio umri wangu leo. Nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba mwenye uwezo wa kuchagua hawezi kusema hakuona.