UZI: Vidole vya mjomba na sheria ya tangu 1951

1/ Kila msimu wa siasa mmoja anasema "acheni kusumbua biashara ndogo", mwingine anajibu "wafanyakazi wanaumia, sheria ifuatwe". Wote wanapigiwa makofi. Hebu turudi nyuma tuone huu ubishi umetoka wapi. Natumia kwetu, Nyamarambe.

2/ Huku kuna vinu vidogo vya sukari nguru. Injini ya dizeli, mkanda, vyuma vya kukamua miwa, sufuria kubwa za kuchemshia. Watu watano au sita hivi. Mjomba wangu alikuwa analisha miwa, kinu kikavuta mkono. Vidole viwili vikaenda. Hospitali tulilipa kwa mchango wa familia. Mwenye kinu alileta kuku na pole. Kesho yake kinu kikanguruma kama kawaida.

3/ Sasa historia. Sheria ya Viwanda ilianza kutumika Septemba 1951, enzi za mkoloni, kwa mfano wa ile ya Uingereza. Ililenga viwanda: mashine zizibwe, boila zikaguliwe. Fundi wa chini ya mti hakuwa akilini mwa walioiandika.

4/ Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya, na ndiyo iliyosambaza duniani jina "sekta isiyo rasmi". Jua kali ikaanza kuonekana. Lakini siasa iliongea nayo zaidi kuhusu mikopo, vibanda na leseni. Usalama? Kimya.

5/ Mwaka 1990 sheria ilipanuliwa kugusa "sehemu nyingine za kazi". Halafu 2007 zikaja mbili: ya Usalama na Afya Kazini, na ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini. Ya kwanza inahusu kila mahali mtu anapofanya kazi, hata kwa muda. Kwa hiyo anayesema "sheria hiyo ni ya makampuni makubwa" amekosea. Kinu kimo. Mchonga mawe wa Tabaka aliyeajiriwa, anayemeza vumbi, naye yumo.

6/ Lakini pengo liko hapa. Kamati ya usalama ni lazima ukiwa na watu 20 au zaidi. Sheria ya biashara ndogo ya 2012 inasema biashara ndogo kabisa ina watu chini ya 10. Sasa pale kwenye kinu, nani atamwambia mfanyakazi haki zake?

7/ Katiba ya 2010 nayo iligawa kazi. Leseni za biashara na zimamoto ni za kaunti. Viwango vya kazi ni vya serikali kuu. Anayekuja kudai leseni kila mwaka si yule anayekagua mashine.

8/ Kwa hiyo pande zote mbili zina nusu ya ukweli. Mwenye kinu kweli anasumbuliwa, ila kwa ada, si kwa usalama. Na kifuniko cha mkanda anaweza kuchomelewa na fundi wa hapa hapa sokoni.

9/ Dai la fidia linafaa kupelekwa ndani ya miezi 12. Mjomba aliyasikia hayo kutoka kwangu, mwaka wa tatu baada ya ajali. Akaniuliza tu, "Na wewe ulikuwa wapi?"

10/ Mgombea akija kwenu, muulize hivi: anayechukua pesa ya leseni atatufundisha nini kuhusu mashine? Asipojibu, mnajua.