Nguo ya jani
Tusidhani kwamba wazee wetu walingoja pamba ya Ulaya ndipo wavae. Wakuba wa Kasai walivaa rafia. Hukata jani changa lisilofunguka bado, huvua ngozi yake nyembamba, huianika juani na kuipasua kuwa nyuzi. Wanaume hufuma, wanawake hudarizi. Uzi hausokotwi, kwa hiyo kitambaa hakipiti urefu wa jani. Vipande hushonwa pamoja. Mti huendelea kutoa majani, kama mkataji hana tamaa, wala haudai shamba jipya.

Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilitoa amri ya mazao ya lazima. Maniema na Sankuru watu wakalimishwa pamba. Siku za kulima chakula zikapungua, bei ikapangwa na wengine, na aliyekataa alifungwa.