Motokaa za Mashindano na Ufundi wa Kariakoo

Jina la Kariakoo lilizaliwa vitani. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam kwa Wajerumani mwaka 1916, mahali hapo pakawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalifinyanga jina hilo hata likawa hili lijulikanalo leo. Wapagazi walihitajiwa kwa sababu mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, na masika yalizikwamisha motokaa matopeni. Kilichosalia kilikuwa kichwa na bega la mwanadamu. Ni ajabu, basi, kwamba mahali palipopata jina kwa kushindwa kwa motokaa ndipo, pamoja na Gerezani iliyo ubavuni pake, palipokuja kuwa soko la vipuri na makao ya mafundi.

Ufundi wa kuiandaa motokaa kwa mashindano una historia yake katika Afrika ya Mashariki, nayo haifanani na ile ya Ulaya. Huko fundi aliyetaka kushinda alianzia kwenye injini: alikwangua kichwa chake ili mgandamizo uongezeke, akapanua njia za hewa, kisha akapunguza uzito wa bodi. Huku fundi alianzia chini, kwenye tumbo la motokaa. Tofauti hiyo ililetwa na barabara.

Mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano ya Coronation Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Katika miaka ya kwanza motokaa ziligawanywa kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini, nazo zilitakiwa ziwe kama zilivyouzwa. Kwa kanuni hiyo tajiri hakuweza kuununua ushindi kwa urahisi. Mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen, motokaa ndogo ambayo injini yake hupozwa kwa hewa. Haikuwa na rejeta ya kutobolewa na jiwe wala maji ya kuchemka mlimani, na uzito wa injini ulikaa juu ya magurudumu yanayosukuma, jambo lenye faida kubwa katika tope.

Kanuni zilipolegea baadaye, mafundi walipata nafasi. Mashindano yalifanywa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yameingia. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, zikafika 7; mwaka 1968 ziliondoka 93, zikafika 7 tena. Hesabu hizo zamtosha msomaji kujua fundi alikuwa akipigana na nini. Chini ya injini lilifungwa bamba la chuma. Maungio ya bodi yaliongezwa kuchomelewa, springi zikawa nene, shokapu zikawa ngumu, na disibyuta ikafunikwa isipate maji, kwa kuwa mto mmoja wa kuvukwa ulitosha kuizima cheche. Lakini kila kilo ya chuma iliyoongezwa ilipunguza mwendo. Hapo ndipo penye kiini cha ufundi wenyewe, na anayedhani kwamba kuimarisha motokaa ni kazi ya nguvu isiyo na hesabu hajafikiri sana.

Injini nayo ilikuwa na shauri lake. Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Nairobi iko juu karibu mita 1,700. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, injini ya kawaida hupoteza nguvu kiasi cha sehemu moja katika kumi, maana hewa ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa pwani kwa ustadi wote hutoa petroli nyingi mno ikifika bara, plagi zikajaa masizi. Iliyorekebishwa bara hutoa kidogo mno ikishuka pwani, na joto likaziunguza valvu. Fundi wa Dar es Salaam, kwa hiyo, hakutafuta kipimo kilicho bora kuliko vyote. Alitafuta kinachovumilika kila mahali.

Mji huu ulipata sifa yake mwaka 1966 na tena mwaka 1967, Bert Shankland aliposhinda pamoja na Chris Rothwell kwa Peugeot 404. Shankland alikuwa Mskoti mkazi wa Dar es Salaam, mfanyakazi wa Tanganyika Motors, wakala wa Peugeot. Motokaa ya aina hiyo ilishinda mara 4 kati ya mwaka 1963 na 1968, wala haikuwa motokaa ya fahari: nyingine za aina yake zilibeba abiria na magunia.

Katika orodha za washindi kila motokaa ina majina mawili, la dereva na la msaidizi wake. Safu ya tatu haimo. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine. Naye alikuwa fundi. Jina la fundi liliandikwa hapo kwa sababu tu fundi ndiye aliyeshika usukani. Wanahistoria wameipokea orodha hiyo kana kwamba ndiyo historia yenyewe, na hilo ni kosa, tena kosa lisilongoja, kwa kuwa wazee waliokunja funguo katika miaka ile wanazidi kupungua.

Katikati ya miaka ya 1970 mashindano yaliacha njia za Tanzania, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Ikafuata miaka ya uhaba, ambapo kipuri kisichopatikana kilichongwa kwa mkono. Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, motokaa zilizotumika Japani zikaanza kuingia kwa wingi. Nyingi ziliundwa kwa barabara laini, matumbo yake yakiwa karibu na ardhi. Katika karakana zisizo na kibao, ambazo watu wa mji huziita gereji bubu, fundi huziinua kwa kuweka spesa kwenye springi. Kabla ya kufungua nati ya kwanza, aghalabu humwuliza mwenye motokaa anakaa wapi, na njia ya kwake ikoje mvua ikinyesha.