Namna ya Kuchora Mizimu ya Wazee Wetu

Mtoto asiyejua bado kusoma husoma picha. Mpeni kitabu: kwanza atauliza, "Huyu ni nani?" Katika Likasi, mji wa shaba walipokutana Wasanga, Waluba, Walunda na watu wa Kasai, swali hilo ni zito. Watoto wengi huzaliwa mbali na kijiji cha babu zao. Basi mwenye kuwachorea masimulizi ya kale anashika nafasi ya babu huyo.

Kazi hii si ngeni kwetu. Mwaka 1926, huko Bukama, Albert Lubaki, mchonga pembe za tembo, alikuwa akipamba kuta za nyumba. Mbelgiji mmoja, Georges Thiry, alimpa karatasi na rangi. Mwaka 1931 kikatoka Brussels kitabu cha hadithi za Badibanga, chenye picha za Djilatendo, fundi cherehani wa Kasai. Hao walichora wanyama na watu waliowafahamu kwa macho yao.

Lakini mzimu haukuonekana kwa macho. Tutauchoraje? Wengine huazima pembe na mkia wa shetani katika picha za Ulaya, wakambandika navyo mzee wa Kiluba. Huo ni uongo, na mtoto ataona haya kwa ajili ya babu zake. Waluba walipofiwa na mfalme, walisema roho yake inakaa ndani ya mwanamke aitwaye Mwadi, wakamheshimu. Hapo hapana zimwi, yupo mtu. Tena watu wa chama cha Mbudye walitunza habari za wafalme juu ya lukasa, ubao mdogo wa kushika mkononi, wenye shanga na kauri. Ushanga mmoja ulitosha kumkumbusha mjuzi mtu au mahali.

Masimulizi yenyewe humwongoza mchoraji. Mfalme Nkongolo ni mwekundu, mkali, anakula mbele ya watu wote. Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni, ni mweusi wa kung'aa, naye hula kwa kujificha. Ukimchora Mbidi akila kati ya watu, umeharibu hadithi yote, maana adabu hiyo ndiyo aliyowaletea. Kisha Nkongolo alichimba shimo, akalifunika kwa mkeka, akamwita Kalala Ilunga, mwana wa Mbidi, aje kucheza ngoma juu yake. Mpiga ngoma akamwonya kwa mlio wa ngoma, akaokoka. Mchoraji asimsahau mpiga ngoma huyo! Mtoto atajifunza kwake kwamba mtu mdogo aweza kuokoa maisha ya mkubwa.

Labda mzazi Mkristu atauliza, "Je, si dhambi kumwonyesha mtoto mambo haya?" Sisi twamwabudu Mungu mmoja, wala hatuombi mizimu. Lakini kujua si kuabudu. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Nao wazee wetu, kabla ya misioni kufika, walimjua Muumba, wakamwita Leza au Vidye Mukulu.

Basi, wewe unayeshika kalamu ya rangi, kwanza nenda ukakae na mzee, umsikilize mpaka mwisho. Ndipo uchore. Mtoto atakapouliza, "Huyu ni nani?", picha yako imjibu kweli.