Malezi ya Mzazi kwa Desturi ya Ayurveda

Ayurveda ni elimu ya tiba ya Bara Hindi. Vitabu vyake vikongwe, cha Charaka na cha Sushruta, vimeandikwa kwa Kisanskriti. Humo mwanamke aliyejifungua huitwa sutika, na siku zake za uzazi huhesabiwa mwezi mmoja na nusu. Kerala, kusini-magharibi mwa India, ni mahali ambapo malezi haya yangali yameshikwa sana. Na kwa kuwa watu wa Kerala ni wengi hapa Ghuba, si ajabu familia zetu nazo kupata dawa zao na walezi wao.

Msingi wake ni vata, yaani upepo wa mwilini. Husemwa kwamba kuzaa humwachia mwanamke upepo, baridi na ukavu, na moto wa kusaga chakula hufifia. Kwa hiyo hutiwa joto. Siku za mwanzo hupewa uji mwepesi wa mchele, na samli yenye tangawizi kavu na pilipili ndefu. Vyakula vizito hungoja. Husingwa mafuta ya uvuguvugu, hufungwa tumbo kwa kitambaa, kisha huoga maji yaliyochemshwa majani ya dawa. Baadaye huja lehyamu, dawa nzito mfano wa halua, ipikwayo kwa sukari guru na samli, pengine na vitunguu vidogo vyekundu. Bibi zetu wa Unguja na Mombasa wasingestaajabu: uji wa pilipili manga, kukandwa, mkaja na arobaini ni mambo yao.

Chakula cha moto na kupumzishwa kazi ni rehema kwa mzazi, wala sina ugomvi navyo. Pa kuangalia ni chupa na vidonge. Dashamularishta, dawa ya maji wapewayo sana wazazi, huchachushwa kwa mizizi kumi na sukari guru, hivyo huwa na kilevi ndani yake. Wengi kwetu huinywa bila kujua. Vidonge na unga wa aina ya rasa hutiwa madini kwa makusudi. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulipima dawa 70 za Ayurveda kutoka madukani Boston. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi hupita katika maziwa ya mama. Mwonyesheni daktari kila chupa kabla haijafunguliwa.

Mtoto asilambishwe asali na samli, ingawa vitabu vile vinataja. Asali haimfai aliye chini ya mwaka mmoja, maana yaweza kuwa na vijidudu vya sumu inayolegeza misuli.

Aliyepasuliwa, kidonda kisisingwe wala kumwagiwa maji ya majani. Mzazi asinyimwe maji ya kunywa. Akilowesha pedi nzima kwa saa moja, akipata homa, kichwa kikali, macho kufifia, degedege au mguu mmoja kuvimba na kuuma, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata mlezi akisema ni upepo tu.

Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto waonwe tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Mara zote tatu huangukia ndani ya siku ambazo desturi humweka mzazi chumbani. Kwa hizo atolewe.